Gothic: Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu gemu la mwaka 2001

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Mwanga, hapa Kigoma. Kati ya bisibisi na simu zilizofunuliwa migongo kuna kompyuta moja kuukuu ambayo haiuzwi. Jua likizama na wateja wakipungua, naiwasha na kufungua Gothic. Anayekuja kuchukua laptopu yake husimama nyuma yangu, hutazama kidogo, kisha huuliza. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika. Ukija, soma kwanza, halafu uulize ambalo halimo.

## Kwa anayelisikia leo

Fundi, hili ni gemu gani?

Ni gemu la kuigiza uhusika. Unamwongoza mtu mmoja, unatembea naye, unazungumza na watu, unapigana, unajifunza ujuzi, na hadithi inasogea kwa unayoyatenda. Lilitoka Ujerumani Machi 2001.

Kisa chake ni hiki. Mfalme Rhobar wa Pili yuko vitani na maorki na anahitaji madini ya uchawi ya kufulia silaha. Basi kila mfungwa wa ufalme wake, aliyeiba kuku na aliyeua mtu, anatupwa kwenye bonde la migodi akachimbe. Ili wasitoroke, mfalme anawaagiza wachawi wake wafunike bonde lote kwa kuba la uchawi. Kazi inawaponyoka mikononi. Kuba linapanuka kuliko walivyokusudia na kuwafungia wao wenyewe humohumo. Unaweza kuingia, kutoka huwezi. Katika vurugu hiyo wafungwa wanawageukia walinzi na kuishika migodi. Mfalme bado anayataka madini, kwa hiyo inambidi afanye nao biashara: wao wanatoa madini, yeye anateremsha chakula, nguo na chochote walichoagiza.

Wewe ni mfungwa mpya na huna jina. Mtu wa kwanza kukusaidia anaitwa Diego. Unapotaka kujitambulisha anakukatisha, maana jina lako halimhusu. Utafika mwisho wa gemu na bado hakuna anayelijua.

Mbona picha zake mbaya hivyo?

Ni za 2001. Nyuso zimechongwa kama kwa panga na vidole vimeshikana. Sikatai.

Ila subiri jioni iingie humo ndani. Kwenye Kambi ya Zamani, mojawapo ya kambi za wafungwa, mhunzi anaacha nyundo. Watu wanasogea motoni. Mmoja anakojoa ukutani bila wasiwasi. Taratibu wanaingia vibandani kulala, na juu yao kuba linapiga radi za bluu. Asubuhi mhunzi yuleyule yuko palepale na chuma chake. Hawakusubiri uwasogelee ndipo waanze kuishi. Mdogo wangu amezoea magemu mapya yenye majani unayoweza kuyahesabu, na jioni moja alikaa kimya akimtazama mtu wa humo akichoma nyama, halafu akaniuliza, "Kaka, huyu anamngoja nani?" Hamngoji mtu. Ana njaa.

Nani walilitengeneza, na wako wapi?

Piranha Bytes, kampuni ndogo iliyoanza 1997 huko Bochum, Ujerumani. Gothic lilikuwa gemu lao la kwanza, na ugeni wao wa kazi unaonekana kila kona. Wakafuata na Gothic II mwaka 2002 na Gothic 3 mwaka 2006. Baadaye wakaachana na kampuni iliyokuwa ikiyasambaza magemu hayo, wakatengeneza Risen (2009) na ELEX (2017). Kampuni ilifungwa 2024.

Nianze na lipi?

La kwanza. Watu wengi watakwambia la pili ndilo bora, na ni kweli: ni kubwa zaidi, vidhibiti vyake vina nafuu, na lina mji wa bandari wenye watu wa kila tabaka. Lakini la pili linakurudisha kwenye bonde lilelile la migodi baada ya mambo kuharibika, na utakutana tena na Diego, Gorn, Milten na Lester. Kama hukuwahi kula nao mlo mmoja, utawapita kama abiria kwenye kituo usichoshukia. La tatu liache mpaka uwe na subira nyingi. Lilitoka bichi, na mashabiki ndio walioliivisha kwa viraka vyao, yaani faili za kurekebisha makosa, miaka iliyofuata.

## Kulipata na kuliwasha

Kompyuta yangu ni ya zamani, litakubali?

Kama inafungua video bila kukwama, litakubali. Lilitengenezwa kwa kompyuta za RAM ya megabaiti 128. Hii ni sababu mojawapo ya mapenzi yangu, nakiri: kwa miaka mingi ndilo gemu kubwa pekee lililokubali mashine niliyokuwa nayo. Tatizo huwa upande wa pili, mashine mpya mno. Soma swali la gemu kujifunga lenyewe, hapa chini.

Una nakala kwenye flashi? Nikopie.

Najua mnauliza kwa sababu nilishawasimulia. Nakala yangu ya kwanza ilikuja kwenye flashi ya jamaa aliyeshuka treni kutoka Dar, ikiwa na virusi vitatu na bila sauti za mazungumzo. Nilicheza wiki mbili nikidhani ndivyo lilivyo, watu wanapanua midomo tu. Nilipopata nakala halali nikagundua kumbe walikuwa wakinitukana.

Linauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG, na mara kwa mara linashushwa bei hadi chini ya sahani ya ugali na migebuka. Ukitengeneza kadi ya mtandaoni kupitia pesa za simu, unalipia hapohapo. Kama bando lako ni dogo njoo na laptopu, upakue hapa kwa akaunti yako. Flashi sikopi.

Nimeliweka, linafunguka halafu linajifunga lenyewe.

Kawaida yake. Lilitengenezwa kwa Windows ambazo wengine hamkuziona. Mashabiki wametengeneza viraka vya kulifanya lielewane na kompyuta za sasa. Anza na ile SystemPack, halafu Union. Ukitaka picha zipendeze na macho yaone mbali zaidi, ongeza programu ya kuchora inayotumia DirectX 11. Fuata mpangilio huohuo. Nimeshapokea laptopu ambayo mwenyewe aliweka vyote kwa pamoja, na shujaa akawa anatembea bila kichwa.

Kabla ya kuweka chochote nakili folda nzima ya gemu pembeni.

La simu lipo?

Mimi nalichezea kwenye kompyuta. Toleo rasmi la kubeba mkononi ni la Nintendo Switch, lilitoka 2023. Simu yako iache ipumzike.

Kiingereza changu cha kuungaunga. Nitaelewa?

Utaelewa. Wafungwa hawa hawatoi hotuba. Wanasema kwa mkato na kwa ukali: unataka nini, nenda kule, niletee hiki, toka hapa. Mazungumzo yanakuja na maandishi, na mambo ya muhimu yanaandikwa kwenye daftari la shujaa. Kiswahili hakimo. Dogo mmoja wa Gungu anayekuja hapa jioni alijifunza maneno yote ya biashara humo ndani, na sasa akitaka kupunguziwa bei ya chaja ananiongelea kama muuza panga wa Kambi ya Zamani.

Mama kasikia neno uchawi, anasema ni gemu la kishirikina.

Mwambie ni hekaya, kama zile za majini na wafalme alizosimuliwa na bibi yake. Kisha mwonyeshe kwamba wachawi wenyewe walifungiwa na uchawi wao. Mama yangu ilimtosha.

## Siku za kwanza ndani ya kuba

Siwezi hata kuokota panga lililo miguuni pangu. Gemu bovu?

Vidhibiti ndivyo vibovu. Kwenye mpangilio wa asili kipanya karibu hakina kazi. Unamwelekeza shujaa kwenye kitu mpaka jina lake litokee, unashikilia Ctrl, kisha unabonyeza mshale wa mbele. Kufungua sanduku, kuongea, kuokota uyoga, vyote ni hivyohivyo. Silaha unaitoa kwa kitufe cha nafasi. Kupigana: Ctrl na mbele unapiga, Ctrl na kushoto au kulia unafyeka, Ctrl na nyuma unakinga.

Siku ya kwanza utalaani. Siku ya nne vidole vitakuwa vimezoea na utashindwa kueleza umewezaje, kama anayejifunza kupiga kasia. Kubadilisha vitu na wafanyabiashara ndiko sijazoea hadi leo, na miaka imepita.

Kwa nini nakufa kila baada ya dakika mbili?

Kwa sababu unatembea kama mwenye mji, nawe umefika leo.

Wanyama wa humu hawapimwi kwa nguvu zako. Mbwamwitu ana nguvu zake uwe leveli ya kwanza au ya ishirini. Njia iko wazi, hakuna anayekuzuia kuingia msituni, na msitu utakumeza. Kuna faraja moja: wanyama wengi wanaonya. Yule ndege mkubwa asiyeruka, ukimsogelea, anainua kichwa na kupiga kelele. Hapo ndipo unarudi nyuma, taratibu. Usiku hulala, na unaweza kumpita kwa kunyata.

Halafu mtazame shujaa anavyoshika panga. Mwanzoni analishika kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, anapiga na mwili wote unayumba. Ukishapata pointi za kujifunzia (kumi kila ukipanda leveli), unamtafuta mwalimu, unamlipa, anakufundisha. Ukitoka hapo shujaa analishika kwa mkono mmoja, mabega yametulia. Ukifundishwa tena, mapigo yanafuatana bila kukatika. Magemu mengine yanakuongezea namba tu. Hapa unauona ujuzi mwilini. Mimi nikiona vile namkumbuka fundi aliyenifundisha kuchomelea: wiki ya kwanza niliunguza meza, na yeye hakusema kitu, alihamisha tu mkono wangu.

Niliingia kibandani kwa mtu tu, sijachukua kitu. Mbona kanipiga?

Ulipiga hodi?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloeleza kwa nini gemu lenye kasoro nyingi hivi halinitoki. Katika magemu mengi unaingia nyumba ya mtu, unafungua kabati mbele ya mke na watoto, unabeba, na wao wanakuambia karibu shujaa. Gothic linajua mwenye nyumba ni nani. Ukiingia kwake anakuambia toka. Ukijifanya husikii anachomoa silaha. Ukitoa panga katikati ya kambi bila sababu, aliye karibu anakuambia lirudishe, na usipolirudisha anakuja. Ukiiba na mtu akakuona, kumekucha.

Usiku mmoja dogo wa Gungu niliyemtaja alikaa kwenye kiti. Akaingia kibanda cha kwanza alichokiona. Mwenyewe alikuwa amelala, akaamka, akamfokea. Dogo akaachia kibodi na kunigeukia. "Fundi, nimwamkie?" Tukacheka. Lakini alikuwa ameshaelewa gemu zima, na kitufe cha kuamkia kingekuwepo angekibonyeza. Alitoka nje, akasubiri asubuhi, akamkuta mtu yuleyule kwenye benchi na kuongea naye vizuri. Gemu likamsamehe.

Na ukipigwa, mara nyingi hufi. Unaanguka, mshindi anainama, anachukua madini yako (ndiyo pesa ya humo) na silaha, anakusema kidogo na kuondoka. Unaamka na vumbi lako. Kesho mnaonana tena.

Ramani inafunguliwa kwa kitufe gani?

Unainunua kwanza. Kwenye Kambi ya Zamani kuna mchora ramani anayeuza. Ukishainunua haikuonyeshi uko wapi, ni karatasi tu. Hakuna mshale juu ya kichwa cha mtu wala alama njiani. Mtu anakuambia fuata njia mpaka darajani, pinda kushoto, na inabidi usikilize. Hivyo ndivyo sisi tunavyoelekezana kutoka Mwanga hadi Ujiji: ukiona mwembe mkubwa umeshapita, rudi.

Kuna mlinzi ananidai hela ya ulinzi. Nilipe?

Anataka vipande kumi vya madini. Mimi hulipa. Ukikataa atawatuma watu wakupige, na kwa nguvu zako za siku ya kwanza watafanikiwa. Walio na roho ngumu hukataa, hupigwa, hujifunza panga, kisha hurudi kumdai wao. Njia zote mbili zinachezeka, ndiyo raha yake.

Ila ukimkuta mfungwa anayejifanya rafiki na anataka mtoke nje ya kambi mkafanye jambo pamoja, kumbuka uko gerezani.

Yule Mud anayenifuata kila mahali nimfanyeje?

Sote tumempiga. Haisaidii sana.

Nijiunge na kambi ipi?

Ziko tatu. Kambi ya Zamani iko chini ya Gomez. Ina ngome, ndiyo inayofanya biashara na mfalme, na inafuata amri. Kambi Mpya wamo wasiotaka kumtumikia Gomez. Askari wake wanaongozwa na Lee aliyekuwa jenerali wa mfalme, wanalima mpunga, na wachawi wao wa maji wanalimbikiza madini wakitumaini kulipua kuba. Kambi ya Kinamasi inamwabudu kiumbe anayeitwa Aliyelala, inavuta magugu yake na inaamini atawakomboa.

Wengi huingia Kambi ya Zamani kwa kuwa Diego yuko hapo. Mimi hupenda Kambi Mpya kwa ajili ya tukio moja dogo. Ukikaribia mashamba ya mpunga anatokea mnyanyasaji, anakuamuru ubebe maji ukawanyweshe wakulima. Unaweza kukataa mkapigana. Unaweza kubeba. Ukibeba, unapita kwa kila mkulima shambani na kumpa maji, na maneno mawili matatu ya kila mmoja yanakuonyesha kambi hii inayojiita huru inaishi kwa jasho la nani. Hakuna aliyekuhubiria. Umebeba maji tu.

Kuhusu kama uchaguzi huu unabadilisha mwisho wa hadithi, soma swali linalofuata.

## Kwa mliokwishalizoea

Kasoro zipi hata wewe huzitetei?

Gemu lina sura sita. Mbili za mwanzo zimeshiba: kambi tatu, njia zako, watu wenye mambo yao. Kisha njia zinaanza kuungana, na kambi uliyoichagua inazidi kupungua umuhimu. Mwishoni unakuwa unapita kwenye mapango na hekalu ukikata maorki mmoja baada ya mwingine, na yale mazungumzo uliyoyapenda yameisha. Inaonekana wazi kwamba muda uliwaishia. Sitetei.

Kamera kwenye mapango finyu inaingia ukutani, unapigana na kitu usichokiona. Wanawake wamo wachache mno na karibu wote hawana la kusema, na hilo nalo ni kasoro hata kama ni gereza. Unayemsindikiza anaweza kukwama kwenye kijiti. Shujaa anateleza mlimani na kufa kwa kimo cha kitanda.

Watu huniambia napenda gemu licha ya kasoro. Kuna kasoro nyingine zimeshonwa kwenye kitambaa kilekile cha uzuri wake. Wangeniwekea mshale wa kunionyesha njia, nisingewasikiliza watu. Wangemfanya shujaa mwepesi tangu mwanzo, kile kipindi cha kujifunza panga kisingekuwa na maana. Lakini hekalu lile la mwisho, hapana. Lile ni uchovu tu.

Umeme ukikatika katikati?

Unapoteza yote tangu uliposevu mara ya mwisho. Wenzangu wa enzi za umeme wa majenereta mnajua. Mwaka mmoja nilikuwa sura ya nne, nimecheza saa tatu bila kusevu kwa sababu ya utamu. Taa zikazimika Mwanga nzima. Nilikaa gizani nikisikia majirani wakisema "aah" kwa pamoja. Kuwasha tena, faili lenyewe nililokuwa nalitegemea likawa halifunguki, nikarudi mpaka sura ya pili.

Sevu kwenye nafasi tofauti kwa zamu. Usirudie nafasi moja. Sevu kabla ya kulala ndani ya gemu, kabla ya kuingia mgodini, na kila usikiapo radi upande wa ziwa.

Ni kweli kuna bendi halisi inapiga humo ndani?

Kweli, kwenye toleo la Kijerumani. In Extremo, bendi ya huko, wanapanda jukwaani Kambi ya Zamani na kupiga muziki, na wafungwa wanakusanyika kusikiliza. Toleo la Kiingereza halikuwekewa. Kwa hiyo ukilicheza kwa Kiingereza unaona jukwaa limekaa bure, na sasa unajua kwa nini.

Nani bado anacheza gemu la miaka yote hiyo zaidi yako?

Wajerumani, na zaidi sana Wapoland. Kule Poland ni sehemu ya utoto wa kizazi kizima, sauti za Kipolandi za wahusika wanazijua kwa moyo. Wakati Marekani halikusikika sana, wao walilichukua kama la kwao. Nami naelewa: kompyuta hafifu, nakala za kuazimana, na gemu linalokupokea kwa kofi kisha linakukalisha mezani.

Archolos ni nini? Nimesikia ni bora kuliko yote.

Ni kazi ya mashabiki wa Poland, jina lake kamili The Chronicles of Myrtana: Archolos, iliyotoka Desemba 2021 baada ya miaka ya kujitolea. Haiuzwi. Inahitaji uwe na Gothic II na nyongeza yake. Ni kisiwa kipya na hadithi mpya ndefu, sauti zote za Kipolandi na maandishi ya Kiingereza chini.

Unakuwa Marvin, kijana aliyekimbia vita na kaka yake Jorn kwa meli. Mnashuka kisiwani na kaka anapotea. Mji umefunga malango kwa wakimbizi, na watu wanagombana nani anastahili kuingia. Kwa mtu wa Kigoma, ambaye ameona boti zikishusha watu waliobeba godoro na kuku mmoja, saa za mwanzo za kazi hii zinagusa mahali ambapo waandishi wake huenda hawakupafikiria. Ni mzigo mzito wa bando. Nimeshaupakua, njoo na Gothic II yako halali nikuwekee.

Na lile jipya linalotengenezwa upya?

THQ Nordic, wenye haki za jina hilo sasa, walitoa kionjo mwishoni mwa 2019 na kuwauliza wachezaji maoni. Waliolipenda la zamani walilalamika kwamba shujaa anaropoka mno. Baada ya hapo kazi ikapewa studio ya Barcelona, Alkimia Interactive, iliyochukua njia ya kukaa karibu zaidi na la asili. Mashine yangu hailibebi.

Nimemwangusha mtu, sasa kila mtu ananikwepa. Nimeharibu gemu?

Inategemea ulifanya nini baada ya kumwangusha. Kumwangusha tu ni ugomvi, unapata uzoefu, unaweza kumchukulia vitu, ataamka. Ukimchoma akiwa chini, umemuua, na waliokuwa wanaona wanajua. Kuna wahusika ambao kifo chao kinakufungia kazi utakayoihitaji sura mbili mbele, na gemu halitakuonya.

Ukiona watu hawaongei nawe, kwanza rudisha silaha, ondoka kambini, lala mpaka asubuhi, kisha ujaribu tena. Ikishindikana, rudi kwenye faili la zamani, lile ulilosevu kwenye nafasi nyingine kama nilivyokuambia kwenye swali la umeme.

Anayenisindikiza amekwama langoni, hasogei.

Rudi nyuma mpaka umpite, msogelee ubavuni, msukume kwa mwili bila kutoa silaha, kisha utembee. Usikimbie. Ukikimbia naye anakimbia, na anarudi kwenye nguzo ileile. Ikigoma kabisa, sevu, toka kwenye gemu, ingia upya. Mara nyingi utamkuta amesimama hatua mbili mbele ya lango, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha.